Kukaa na Kata Moja: Tekki Shodan kwa Njia ya Funakoshi

Gichin Funakoshi, mwasisi wa mtindo wa karate wa Shotokan, alizaliwa Shuri, kisiwani Okinawa, mwaka 1868, akiwa mtoto dhaifu wa mwili. Kazi yake ilikuwa ualimu wa shule ya msingi. Karate alijifunza usiku. Karibu miaka 10 ilimwishia kwenye kata tatu tu, yaani mifuatano mitatu ya mienendo iliyopangwa, zile za Naihanchi, ambazo baadaye huko Japani bara alizipa jina la Tekki. Mwalimu wake Anko Asato aliketi barazani akimtazama uani, na mara nyingi neno lake lilikuwa moja tu: tena. Maelezo hayakuwepo, wala tarehe ya kumaliza.

Dojo nyingi, yaani kumbi za mazoezi, siku hizi hufuata ratiba ya mtihani, kata mpya kila mkanda, na matokeo yake ni mwanafunzi mwenye kata 15 asiyejua kusimama. Maelekezo haya ni ya anayetaka kubaki na Tekki Shodan, ya kwanza kati ya hizo tatu, peke yake kwa mwaka mzima, na ya sensei (mwalimu) anayetaka kumsimamia mtu huyo.

Nafasi haisumbui. Kata hii hukimbilia kulia na kushoto tu, haiendi mbele wala nyuma, hivyo korido ya mita 3 inatosha. Chora mstari wa chaki sakafuni na utie alama katikati. Hatua zote zikiwa na urefu mmoja, utamaliza karibu na alama hiyo. Kupishana kwa unyayo mmoja si neno, lakini ukimaliza hatua nzima pembeni, basi mguu mmoja unavuta kuliko mwingine. Mara nyingi ni ule wa upande usio na nguvu.

Mwezi wa kwanza usicheze kata. Simama kiba-dachi tu, msimamo wa mpanda farasi. Miguu ipane kama mara mbili ya upana wa mabega, nyayo zielekee mbele sambamba, uzito ugawanyike nusu kwa nusu, magoti yasukumwe nje mpaka yawe juu ya vidole vya miguu. Mgongo wima, makalio yasitokeze nyuma. Anza na sekunde 30 mara tano, ongeza taratibu mpaka dakika 3 mfululizo.

Hapa ndipo wengi huharibikiwa, na kosa huanzia chini. Mapaja yakichoka, nyayo hufunguka nje bila mtu kujua. Nyayo zikifunguka, magoti huangukia ndani, na maumivu yanatokea upande wa ndani wa goti. Usimwambie mwanafunzi "sukuma magoti" wakati nyayo zimeshapinda, utamuumiza zaidi. Rudisha kwanza nyayo kwenye mstari, kisha magoti. Akishindwa kuziweka sambamba, msimamo ni mpana au uko chini mno kwa nyonga zake: punguza upana kwa unyayo mmoja. Si aibu. Okinawa ya zamani kata hii ilichezwa kwa msimamo mfupi na wa juu kuliko unaoonekana leo kwenye Shotokan.

Mwezi wa pili ingia kwenye mienendo sita ya mwanzo, na ubaki hapo. Mguu wa kushoto unavuka mbele ya wa kulia. Wa kulia unainuka na kukanyaga kwa nguvu hadi kiba-dachi, huku mkono wa kulia ukikinga upande wa kulia kwa mgongo wa kiganja. Kiwiko cha kushoto kinapiga ndani ya kiganja hicho. Unatazama kushoto na kukusanya ngumi zote mbili kwenye nyonga ya kulia, ya kushoto juu ya ya kulia. Mkono wa kushoto unafagia chini kwenda kushoto. Kisha ngumi ya kulia ya kulabu, kagi-zuki, inapita mbele ya kifua.

Kata nzima imejengwa juu ya mambo haya machache, ndiyo maana sielewi haraka ya watu. Kwenye hatua ya kuvuka, kichwa kisipande wala kushuka. Funga uzi mwembamba kutoka ukuta hadi ukuta, usawa wa utosi wako ukiwa kwenye kiba-dachi: utosi ukiugusa wakati wa kuvuka, umenyoosha goti la mguu uliosimamia. Kwenye kiwiko, wengi huzungusha nyonga ili wapate nguvu, na mara moja goti la upande ule linafuata na msimamo unavunjika. Kiwiliwili cha juu ndicho kinachozunguka. Nyonga hubaki zikitazama mbele, zikijikaza tu. Hilo ndilo somo gumu kuliko yote katika kata hii: kutoa nguvu bila kuwa na nafasi ya kuizungushia. Kagi-zuki nayo isipite ubavu wa upande wa pili. Mkono kutoka kiwiko hadi ngumi uwe sambamba na kifua, kiwiko kikunjwe kama kona ya mraba. Ukiona bega limeinuka, ngumi imekwenda mbali mno.

Rudia sehemu hii mara 10 polepole bila nguvu, mara 5 kwa kasi na nguvu, kisha mara 10 polepole tena. Marudio ya mwisho ndiyo yanayofichua: kama umbo limebadilika baada ya kasi, kasi haijawa yako bado.

Kuanzia mwezi wa nne ongeza kilichobaki cha nusu ya kwanza, ukivuka sasa kwenda kushoto. Hapo kuna nami-gaeshi, "wimbi linalorudi": unyayo unapanda haraka kuelekea paja la ndani la mguu wa pili na kurudi palepale ulipotoka. Chora mzunguko wa nyayo kwa chaki. Mguu usiporudi ndani ya mchoro, uliuegemea mguu wa pili kabla ya kuinua. Uinue kwa msuli wa paja la ndani, pasipo kuyumbisha kiwiliwili kwanza. Nusu ya pili ni hiyohiyo kwa upande wa pili, na haitakusumbua.

Makiwara, ubao wa kupigia ngumi, iendane na kata. Anko Itosu, mwalimu mwingine wa Funakoshi, katika barua yake ya 1908 alishauri mapigo 100 hadi 200 kwa kila mkono. Wewe anza na 20 mepesi. Tafuta ubao wa mita 2 hivi, upana sentimita 10, wenye nyuzi zilizonyooka na usio na fundo. Uache unene wa sentimita 7 chini, uuchonge kwa nyuma mpaka juu ubaki sentimita 2 hivi. Fukia sentimita 70, shindilia mawe na udongo. Kilele kiwe usawa wa kifua ukiwa umesimama kwenye msimamo wako. Okinawa walifunga kamba ya majani ya mpunga. Kamba ya katani inafaa, ila huchuna ngozi, basi ifunike kwa turubai. Ubao usiporudi nyuma ukisukumwa na kiganja, ni mnene mno na utakuumiza kifundo cha mkono. Gusa kwa vifundo viwili vya kwanza vya ngumi tu, cha kidole cha shahada na cha kati. Watoto ambao mifupa yao bado inakua wasipige kabisa.

Kwa sensei: sahihisha kosa moja kwa kipindi, lile la chini kabisa mwilini, kisha nyamaza. Ukitaja matano, mwanafunzi hatashika hata moja. Usimhesabie kila mwenendo kwa sauti miezi yote, maana atazoea mdundo wako badala ya wake. Na fagio lishikwe na wote. Funakoshi, baada ya kuhamia Tokyo mwaka 1922, aliishi kwenye bweni la wanafunzi la Meisei Juku akifagia vyumba na kutunza bustani mchana, akifundisha jioni, akiwa na zaidi ya miaka 50.

Muda wa kwenda Tekki Nidan, kata ya pili, ukifika, jaribio ni hili: mwanafunzi acheze kata mara tatu mfululizo akiwa amefumba macho. Akifumbua mara ya tatu, tazama chaki, nyayo, na kama anahema kwa mdomo. Kimoja kikiwa na kasoro, mpe mwezi mwingine, wala usimweleze sana kwa nini.