Somo: Kumpoza kichanga aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa

Mzazi akisikia "tutampoza mtoto" hudhani hakusikia vizuri, kwani sote tumelelewa na "mfunike asipate baridi". Ila ubongo ukikosa oksijeni, seli zake hazifi zote papo hapo. Hewa ikirudi hupita saa chache za utulivu, kisha linakuja wimbi la pili la kufa. Tunawahi hilo la pili.

1. Kabla hajafikisha saa 6, hakikisha anafaa: mimba ilifika wiki 36, alizaliwa hoi, na ubongo unaonyesha dalili kama kulegea, kutonyonya au degedege.

2. Zima hita ya kitanda. Mvue kofia na nguo, abaki na nepi.

3. Ingiza waya wa kipimajoto njia ya haja kubwa, sentimita 5 hivi, uubandike pajani. Hapa ndipo pa kukaza macho. Waya ukichomoka husoma joto la chumba, na mashine ya kupoza, ikidhani mtoto anaganda, huanza kumpasha! Nimeshakuta skrini inasema 29 na kichanga ana joto lake kama kawaida.

4. Mlaze kwenye godoro la maji la mashine, joto la mwili wake libaki nyuzi 33.5 kwa saa 72. Mapigo ya moyo yakishuka hadi 100 usishtuke. Mpe dawa ya maumivu, mgeuze, kagua ngozi ya mgongo.

5. Kumrudishia joto: nusu nyuzi kwa saa, isizidi. Ukiharakisha, degedege hurudi.

MASWALI

Dada, kwetu hakuna mashine. Chupa za maji baridi je?

Hapana, ndugu yangu. Mulago, Kampala, walizijaribu, na joto lilishuka vizuri tu. Lakini joto kushuka ni jambo moja, mtoto kupona ni lingine. Kupoza kumesaidia kwenye nchi tajiri; lakini jaribio la HELIX la India, Sri Lanka na Bangladesh (2021) lilikuwa na watoto 408, hospitali kubwa, mashine zipo; waliopozwa walikufa asilimia 42, wasiopozwa 31. Kwenu shikeni ambubegi (mfuko wa kumpulizia mtoto hewa) dakika ile ya kwanza, na baadaye msimwache apate homa.

Mimi ni mama, wangu yuko siku ya pili. Naweza kumgusa?

Mguse, mama. Mkono wake utakuwa baridi kama umetoka kuoshwa, usiogope. Na endelea kukamua maziwa; mwombe muuguzi ampake tone mdomoni.