Kabla ya kupokea malipo ya buking kwa kadi pepe: mambo ya kuzingatia kwa wenye nyumba za kupangisha watalii

Mwenye nyumba ya wageni Paje au Diani akijiunga na Booking.com au Expedia, kwanza huhangaikia picha na bei. Njia ya kupokea pesa huiacha mwisho, na hapo ndipo mambo hukwama. Mtandao wa buking ukimtoza mgeni wenyewe, unaweza kukulipa kwa kukutumia pesa benki au kwa kukutengenezea kadi pepe, ile inayoandikwa VCC kwenye maelezo ya buking. Kadi hii haina plastiki wala chipu. Ni namba ya tarakimu 16, tarehe ya mwisho wa matumizi na tarakimu 3 za usalama, na ndani yake kuna pesa ya buking moja tu. Pesa hiyo haiji yenyewe. Ni wewe wa kuitoza kadi, kwa mashine yako, kupitia benki yako. Waliozoea Airbnb hushtuka, kwa sababu huko malipo hutumwa kwa njia uliyoichagua, takriban saa 24 baada ya muda wa mgeni kuingia, bila wewe kugusa kadi yoyote.

Anza na benki, kabla hata hujafungua kalenda ya buking. Akaunti binafsi haitoshi. Lipa Namba au till ya M-Pesa haina pa kuingiza namba ya kadi, na ATM hutaki hata kuifikiria. Unahitaji akaunti ya mfanyabiashara anayepokea kadi, na kwa hiyo benki itataka hati za usajili wa biashara (BRELA kwa Tanzania Bara, BPRA kwa Zanzibar), leseni na TIN. Kenya watataka cheti cha usajili, PIN ya KRA na kibali cha kaunti. Kampuni za malipo kama Pesapal na DPO nazo zinafaa kuulizwa, hasa kama nyumba ni ya vyumba viwili vitatu.

Ukifika kwao, usiulize tu kama wanapokea Visa na Mastercard. Uliza kama mashine au ukurasa wao unaruhusu kuchapa namba ya kadi kwa mkono bila kadi kuwepo. Mabenki huiita ruhusa hiyo MOTO, na mashine nyingi za POS hutolewa ikiwa imefungwa, kwa hofu ya wizi. Omba ifunguliwe, na uombe kwa maandishi. Ukipewa kiungo cha malipo badala ya mashine, hakikisha hakilazimishi msimbo wa uthibitisho unaotumwa kwa simu. Kadi pepe haina simu, kwa hiyo malipo yatakwama hapo kila mara.

Swali la pili wengi hawalijui kabisa: biashara yako imesajiliwa kwa kundi gani? Kila mfanyabiashara anayepokea kadi hupewa namba ya aina ya biashara. Malazi ni 7011. Ukiandikwa 5812, ambayo ni ya migahawa, au 6513, ya mawakala wa nyumba za kupanga, kadi pepe inaweza kukataa hata ikiwa na salio kamili, kwa sababu imefungwa itumike kwenye malazi pekee. Kosa hili hutokea sana kwa nyumba iliyoanza na mgahawa kisha ikaongeza vyumba. Kulirekebisha kabla ni kazi ya fomu moja. Kuligundua mgeni akiwa keshaondoka ni mateso.

La tatu ni sarafu. Kadi ya dola itozwe kwa dola, pale sheria na benki yako zinaporuhusu. Mashine ya shilingi italeta ubadilishaji wa fedha katikati, na kiasi kikizidi salio hata kwa senti chache, muamala mzima unakataliwa. Ukipunguza kiasi ili kipite, unaacha pesa yako kwenye kadi.

Sasa piga hesabu ya makato kabla ya kupanga bei. Tuseme buking ni dola 400, kamisheni ni asilimia 15 na benki inakata asilimia 3.5. Kadi ya Booking.com huja na kiasi kizima, kisha kamisheni unadaiwa kwa ankara. Benki itakata dola 14 kwenye 400 nzima, utalipa kamisheni dola 60, na kubaki na 326. Expedia, kwa buking wanayoitoza wenyewe, huweka kwenye kadi kiasi ambacho kamisheni imeshatolewa. Kwa asilimia zile zile, kadi itakuwa na 340, benki itakata 11.90, nawe utabaki na 328.10. Hatari ya mfumo wa kwanza ni kuiona 400 kwenye akaunti ukaitumia yote, kisha ankara ikakukuta mikono mitupu. Tenga kamisheni siku ile ile.

Kadi ina siku ya kuanza kufanya kazi, mara nyingi karibu na siku ya mgeni kuingia, na ina siku ya kufa. Zote mbili zimo kwenye maelezo ya buking. Buking ya Agosti iliyofanywa Januari isihesabiwe kuwa pesa ya kupaka rangi mwezi Machi.

Siku ya kutoza, toza moja kwa moja. Usianze kwa kuzuia kiasi kama hoteli zifanyavyo kwa kadi ya mgeni, maana kiasi kilichozuiwa hakitozeki tena mpaka zuio likamilishwe au lifutwe. Ikikataa, soma namba ya jibu kwenye risiti. 14 ni namba ya kadi iliyokosewa, 51 ni salio halitoshi, 54 ni kadi iliyopitwa na wakati, 57 na 58 ni muamala usioruhusiwa kwa kadi au kwa mashine, na hapo rudi kwenye habari ya MOTO na 7011. 05 ni kukataliwa bila sababu, kwa hiyo piga simu benki. Usijaribu mara tano mfululizo; kadi inaweza kufungwa.

Vinywaji, teksi na glasi iliyovunjika havitozwi kwenye kadi hii. Kodi ya miundombinu ya Zanzibar, angalia kama imo kwenye bei ya buking au mgeni analipa akifika. Mgeni akistahili kurudishiwa pesa baada ya wewe kutoza, rudisha kwenye kadi ile ile kwa mashine. Ukimpa taslimu, mtandao unaweza kukudai tena kiasi hicho hicho.

Namba za kadi zisomwe ndani ya akaunti yako ya mtandao wa buking pekee. Ujumbe wa WhatsApp au barua pepe yenye namba za kadi, ukiomba utoze zaidi ya bei kisha umtumie dereva kiasi kilichozidi, ni utapeli: kadi ni ya wizi, na mwenyewe akilalamika benki itakukata wewe.

Weka daftari: namba ya buking, kiasi, siku ya kuanza, siku ya kufa, namba ya idhini kwenye risiti, na siku pesa ilipoingia. Likague kila Jumatatu. Kadi iliyokufa ikiwa na salio, mashine haitaikubali tena. Itabidi uandike kwa mtandao kudai kiasi hicho, ukiambatisha namba ya buking.