Mzee akipiga mayowe usiku, mrekodi kwanza

Kama baba au mama amepita miaka 60 na ameanza kupiga mayowe usingizini, kurusha ngumi au kuanguka kitandani, usikimbilie kusema mizimu inamwita. Maombi sawa, lakini hospitali pia.

Mrekodi kwa simu. Daktari ataelewa kwa nusu dakika kile utakachohangaika kueleza. Andika na saa: ni punde tu baada ya kulala au kuelekea alfajiri? Ukimwamsha, anasimulia ndoto ("nilikuwa nafukuza fisi bomani") au hakumbuki chochote? Kuigiza ndoto kwa mwili, hasa alfajiri, huweza kutangulia Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka, kwa miaka mingi. Kwa hiyo taja pia mkono unaotetemeka, au kama siku hizi hasikii hata harufu ya omena ikikaangwa. Kukoroma huku pumzi ikikatika nako kutaje.

Beba dawa zake zote kwenye mfuko, hata zile za kununua kemisti. Baadhi ya dawa za sonona (depression) huchochea hali hii.

Ukiwa Kisumu, anzia kituo cha afya cha karibu, omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya Jaramogi, ile tunayoita Russia. Lakini akichanganyikiwa ghafla hata mchana, au ana homa, msingoje barua. Mpelekeni siku hiyo hiyo.

Kwa sasa shusheni godoro chini, panga litoke chumbani, anayelala naye ahamie kitanda kingine. Na usimshike kwa nguvu: simama mbali kidogo, umwite jina polepole.