Somo: Kupanga mradi wa maji ya mserereko kijijini na kuutafutia fedha

Wadau, habari za leo. Vijiji vingi vya mkoa wetu wa Kigoma huanza na andiko la mradi, la kuombea fedha. Anatafutwa kijana mwenye kompyuta, anajaza malengo na matokeo tarajiwa, linapelekwa. Mfadhili anauliza mawili tu: eneo ni la nani, na maji yenyewe ni kiasi gani? Hapo kila mtu anatazama chini. Kwa hiyo humu andiko nimeliweka mwisho. Nimechukua maji ya mserereko kwa sababu milima ya Buhigwe na Kasulu ina chemchemi, na maji yanayoshuka yenyewe hayadai dizeli.

Hatua ya 1: Pimeni chemchemi
Nendeni mwishoni mwa kiangazi, Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Chemchemi ya Machi ni tapeli. Zibeni kwa udongo wa mfinyanzi, maji yote yapite kwenye kipande cha bomba, mtege ndoo ya lita 20, mmoja ahesabu sekunde kwa simu. Rudieni mara kadhaa mpate wastani. Tuseme ndoo inajaa kwa sekunde 25: hizo ni lita 48 kwa dakika, lita 69,120 kwa siku nzima. Sera ya Maji ya mwaka 2002 inahesabu lita 25 kwa mtu kwa siku, umbali usiozidi mita 400, na kituo kimoja kwa watu 250. Mkigawanya, chemchemi hiyo inatosha watu 2,700 na kidogo, tena kama kuna tangi la kukinga yanayotoka usiku watu wamelala. Kijiji kikiwa na watu 5,000, afadhali mjue leo. Andikeni tarehe, saa na waliokuwepo, na mpige picha ndoo ikiwa chini ya bomba.

Hatua ya 2: Eneo na muhtasari
Hapa ndipo miradi inapofia. Mzee anasema "chukueni tu, ni kwa ajili ya kijiji", watu wanapiga makofi. Akifariki, watoto wanakuja na panga kwenye tangi. Mwenye shamba aandike kuridhia kwake, mke au mume asaini, watoto wakubwa washuhudie. Njia yote ya bomba nayo iridhiwe hivyo hivyo na wenye mashamba, si chanzo peke yake. Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu chanzo cha maji, ndani ya mita 60. Aliyelima pale lazima mzungumze naye mapema.

Kisha mkutano mkuu wa kijiji. Muhtasari uonyeshe mahudhurio yenye saini, kilichoamuliwa, mchango wa kila kaya, na kamati iliyochaguliwa. Saini ya mwenyekiti, saini ya mtendaji, muhuri. Toeni nakala nyingi, kila ofisi itaomba yake.

Hatua ya 3: Wataalamu
Maji vijijini yako chini ya RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, tangu 2019. Mhandisi wa wilaya ndiye wa kupima mwinuko, kuchora na kutoa makadirio ya gharama. Makadirio ya fundi wa mtaani hayatawafikisha popote. Kibali cha kutumia maji kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika.

Hatua ya 4: Nguvu zenu ziwe na bei
Msiandike "wananchi watachangia nguvu kazi". Andikeni mita. Mtaro wa mita 2,000, ikiwa bei ya kwenu ni shilingi 2,500 kwa mita, ni shilingi 5,000,000 ambazo kijiji kimeweka mezani. Mawe na mchanga vivyo hivyo, kwa tripu.

Hatua ya 5: Mlango upi
Anzeni na bajeti ya serikali. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, hivyo mradi wenu uwe umepita kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata miezi mingi kabla. Mfuko wa Jimbo unafaa kwa kipande, kwa mfano saruji ya tangi. Ubalozi wa Japani una mpango wa kusaidia miradi midogo ya jamii, ila muombaji awe taasisi inayotambulika, kama halmashauri au shirika lililosajiliwa. Na msiwasahau wana wa kijiji walioko Dar. Wakipewa orodha ya mabomba na bei huchangia haraka kuliko wakipewa hotuba.

Hatua ya 6: Andiko
Kurasa chache zinatosha. Viambatisho ndivyo vyenye uzito, na mnavyo tayari.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, ile asilimia 10 ya halmashauri haiwezi kutumika?* (Kibondo)
Hapana. Ile ni sehemu ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotolewa kama mikopo isiyo na riba kwa vikundi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Inarejeshwa. Kikundi cha sabuni za mawese kinaweza kukopa, bomba la kijiji haliwezi.

*Bomba likipasuka baada ya mfadhili kuondoka?* (Kasulu)
Chombo cha watumiaji maji, kilichosajiliwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019, ndicho kinachokusanya fedha na kulipa fundi. Bei ya ndoo pangeni kabla ya kuchimba. Maji yakishatoka bure miezi miwili hakuna atakayekubali kulipa.

*Wananchi hawataki fedha zipite mkononi mwa viongozi.* (Uvinza)
Mwombeni mfadhili anunue vifaa yeye mwenyewe. Nyinyi mpokee kwa orodha, mbele ya kamati, na nakala ibandikwe ofisi ya kijiji.

*Shikamoo kaka. Sisi tuko Uyui, Tabora, hatuna milima.*
Marahaba. Hatua ya 2, 4 na 5 ni zile zile. Kwenu fikirini kisima kirefu na pampu ya sola, na utafiti wa maji chini ya ardhi utangulie mchango wowote wa kuchimba. Lakini kwanza ulizeni RUWASA kama bomba la maji ya Ziwa Victoria linalofika Tabora linapita karibu na kijiji chenu. Kama lipo jirani, ombeni kuunganishwa.