Kushika wokovu hapa Mombasa bila kuwa mgomvi wala kinyonga

Nianze na jambo litakaloudhi watu hata wa kanisani kwangu. Mkristo wa Mombasa ukimuuliza nani anapinga imani yake, wengi wanaangalia upande wa msikitini, na mimi naona hapo wamepotea njia bana. Yule jirani anayeamka alfajiri kuswali anaamini Mungu yupo, ukimwambia leo nimefunga anakuelewa haraka kuliko binamu yako mkatoliki wa Krismasi tu. Wanaokubana ni wengine kabisa, bosi anayetaka udanganye kwa karatasi, masela wa maskani wanaokuita pasta kila ukikataa muguka, yale majani ya kutafuna yanayolewesha, mjomba anayesema mtoto haponi bila mganga, na siku hizi hao vijana wa TikTok wanaokwambia Mungu ni hadithi ya wazungu. Sisemi hapajawahi kumwagika damu. Watu wa Likoni wanakumbuka Machi 2014 waumini walivyopigwa risasi kanisani wakiwa kwa ibada, na ndio maana makanisa kibao sasa unapapaswa mlangoni kabla uingie. Lakini hii nyengine, hii ndogo ndogo ya kila siku, ndio inayomaliza watu polepole na hakuna gazeti litaandika.

Sasa ufanyeje. Kitu kikubwa nnachojua ni hiki, amua kabla hujabanwa. Soma Danieli 1 vizuri, yule kijana aliazimu moyoni kabla sahani ya mfalme haijafika mezani, halafu akaenda kumuomba msimamizi kwa adabu wajaribu siku kumi, mboga na maji. Hakupindua meza. Wengi wetu tunangoja sahani ifike ndo tuanze kuomba Mungu atupe nguvu, na njaa ishaanza.

Chukua kazi ya klearing, ile ya kutolea watu mizigo forodhani, maana nusu ya mji huu inakula bandarini. Mteja analeta invoisi mbili, moja ya kweli na moja ya "ushuru", anataka thamani ishushwe, na bosi anakusukumia faili jioni saa kumi na moja kontena ishaanza kula storeji. Ukianza kufikiria dini yako saa hio umechelewa, utasaini tu. Zungumza mapema, siku ambayo hakuna moto, asubuhi bosi ana chai mkononi, mwambie "bosi, kazi yoyote nipe, hata ya usiku, ila jina langu lisikae kwa fomu yenye uongo, faili kama hizo usinipe mimi." Basi. Usimsomee mistari wala usimtishe na jehanamu. Na baada ya hapo uwe ndo karani ambaye faili zake hazirudishwi, kwa sababu mlokole anayesinzia kazini ati alikuwa kesha anatuharibia jina sote, wacha niseme hivo hivo.

Je utaumia? Inawezekana sana. Kuna ofisi utanyimwa mgao wa mwisho wa mwezi, kuna nyengine utaonyeshwa mlango, sitakupamba hapa. Kwa hivo kuna jambo wahubiri wetu hawalisemi kwenye mimbari, weka akiba. Mtu mwenye kodi ya miezi mitatu imekaa sacco anaweza kumwambia bosi hapana, mwenye mikopo minne ya simu na anabeti kila wikendi ili ailipe hawezi, hata awe ananena kwa lugha. Ukitaka kujua kama utasimama siku ya kubanwa, angalia deni zako kwanza. Kubeti sitarefusha, futa hio programu leo.

Wa mahoteli, Nyali mpaka Bamburi mpaka Diani, shida yenu ni jumapili na Desemba. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, haisemi ni jumapili, kwa hivo usiende kugombana na supavaiza ati ni haki yako jumapili. Katiba kifungu cha 32 kinasema mtu asinyimwe kazi kwa sababu ya imani yake, hio ijue uiweke akiba lakini isiwe salamu ya kwanza. Njia ya hapa kwetu ni rahisi zaidi, mtafute mwenzako mwislamu. Yeye anataka nafasi ijumaa mchana na siku ya Idd, wewe unataka jumapili asubuhi na Krismasi, kaeni chini mpange shifti za mwezi mzima muandike kwa karatasi mumpelekee supavaiza ikiwa tayari. Hakuna supavaiza anakataa ratiba ambayo hajaumia kichwa kuipanga. Na kama jumapili imeshindikana kabisa, mkatoliki ana misa ya jumamosi jioni, wengine tafuta ibada ya katikati ya wiki, usikae miezi hujaonekana halafu useme dunia imekuangusha.

Ya nyumbani ndo ngumu kuliko zote, hasa sisi wamijikenda. Bosi unaweza kumuacha, mjomba huwezi. Kukiwa na matanga, piga simu kabla hujapanda matatu ya Kaloleni, useme kwa heshima, "mjomba shikamoo, mimi naleta unga na mafuta ya kupikia, na kwa jeneza nimo, ila mchango wa kwenda kuangalia nani kamroga marehemu msinihesabu." Atakasirika, atasema umesahau kwenu. Mwache aseme, usimjibu. Halafu fika wa kwanza. Chota maji, pasua kuni, kesha na wafiwa, chimba kaburi kama wenzako, na disko likianza usiku kaa upande wa kina mama wanaolia huko ndani, wao wanahitaji mtu. Wazee wakikuona na jembe mkononi hawawezi kusema dini imekufanya mtu wa kujitenga. Mganga wakimtaja tena, sema hapana ile ile kwa sauti ile ile.

Majirani waislamu sasa. Ramadhani usile mahamri mbele ya watu ndani ya matatu mchana, ni adabu tu haikupunguzii kitu. Ukialikwa futari nenda. Na Krismasi ukitaka pilau lako liliwe na ploti nzima, mpe kuku jirani mwislamu akuchinjie, kila mtu atakula, na hapo kwenye sahani ndo maswali ya ukweli yanakuja, mbona mnasema Mungu watatu, mbona hamtawadhi. Jibu unachoamini kwa ufupi, muulize na yeye, kama hujui sema nitauliza nikurudie kesho. 1 Petro 3:15 inasema uwe tayari kujibu, na mstari huo huo unasema kwa upole. Mihadhara ya kushindana hadharani mimi siendi, nimeona watu wakitoka pale wakishangilia pointi na hakuna aliyebadilika zaidi ya kuvimba.

Kuhusu "dini ya wazungu", jibu liko pale kwenye taa za Kengeleni, unapita na matatu kila siku. Ile kengele ni ya Freretown, kijiji cha watumwa walioachiliwa, kilianzishwa miaka ya 1870. Kweli mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844 na ni mjerumani, usikatae. Lakini waliobeba kanisa la pwani ni watu kama William Jones, mwafrika aliyeuzwa utumwani, akalelewa India, akarudi kuchunga waumini Rabai, na watumwa watoro walikuwa wanakimbilia huko huko Rabai. Na Ethiopia walikuwa na kanisa tangu karne ya 4, hakuna mzungu aliyewapelekea kwa meli ya kikoloni. Andika hayo mara moja kwa utulivu halafu toka kwenye komenti, usibishane mpaka saa nane usiku na mtu mwenye picha ya katuni.

Kuna kejeli moja ambayo haina jibu la haraka, "nyinyi ni wale wale wa Shakahola." Usijitetee. Zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwaambia wafunge mpaka kufa ilifukuliwa kule msituni Kilifi kuanzia Aprili 2023, na watoto wengi, na walikuwa wanaitwa wakristo. Sema ni kweli, ni aibu, na ni uchungu. Halafu jiangalie unakoabudu, kwa sababu mtu anayejiona anapingwa na dunia nzima ndo windo rahisi la wale wanaomwambia basi dunia yote iache, njoo kwetu. Kanisa likikukataza kumpeleka mtoto hospitali au shule, likisema usiongee na mama yako kwa sababu hajaokoka, likitaka uuze shamba ulete pesa, likiwa pasta haulizwi swali na mtu yeyote, hapo toka. Usiombe ruhusa wala usingoje ishara. Mchukue mtoto, mpigie ndugu yako mmoja umwambie uko wapi, na kama kuna watu wamebaki ndani hawali wala hawatibiwi, nenda polisi siku hio hio.