Kose ya kike ikilegea usiikaze na pinsi: namna ya kuichagua, kuibana na kuipima

Wandugu mafundi, na we motari mwenye unajitengenezea pikipiki usiku na tochi ya telefone, leo naandika juu ya kitu kidogo sana chenye kila wiki kinaleta watu ku garaji: kose ya kike, kale kachuma kenye kanabanwa ku ncha ya fili, ile yenye inapokea ulimi bapa. Iko ku regulateri (kile chenye kinapanga umeme wa kuchaji bateri), ku klaksoni, ku rele, nyuma ya faru, ku bateri ndogo za onduleri, hata mu friji na mu pasi. Mu vitabu utaona wanaiita Faston, ile ni jina la biashara lenye lilikuwa la kampuni AMP, leo ni la TE Connectivity, lakini kitu chenyewe kinatengenezwa na viwanda mingi na kuko norme yake, IEC 61210.

Hapa Goma ukishuka kutoka Ndosho mpaka Birere, mawe ya volkano yanatikisa pikipiki yote, na kila kitu chenye kilifungwa ovyo kinalegea. Mtu anakuja anasema bateri imekufa, ameshanunua ingine tayari, kumbe ile ya kwanza iko mzima, ni kose moja ku regulateri imelegea, plastiki yake imegeuka kahawia na ukiikaribisha puani inanuka kuungua. Pesa ya bateri nzima imeenda bure na inaniuma kila mara, juu najua ile pesa motari anaipata namna gani.

Kwanza uijue. Chukua moja mpya, itoe plastiki, uende nayo mlangoni penye mwanga. Utaona chini iko sakafu bapa, na pembeni mbili chuma kimekunjwa kuelekea ndani kama majani mawili ya mgomba yenye yanajikunja na jua, ncha zake zinakaribia sakafu lakini haziigusi. Ile nafasi kati ya ncha na sakafu iko ndogo kidogo kuliko unene wa ulimi, na hapo njo siri yote. Ulimi ukiingia unayainua yale mabawa, yenyewe yanataka kurudi fasi yao, yanaukandamiza ulimi ku sakafu. Kwa hiyo kose ya kike ni resori, siyo kifuniko tu. Umeme haupiti fasi yote yenye unaona chuma na chuma vinagusana, unapita mu vidoa vidogo sana vyenye vimekandamizwa kweli, ukipunguza ule mkandamizo vidoa vinapungua, joto linapanda, joto linalegeza resori, resori ikilegea joto linapanda tena, mpaka plastiki inayeyuka.

Tazama tena katikati ya sakafu, kuko kivimbe kidogo kimechomoza. Ulimi wa kiume uko na katundu. Kivimbe kinaingia mu katundu na mkono wako unasikia « tak ». Kama haujaisikia, kose haijafika.

Sasa ile jambo la kukaza na pinsi. Kose imelegea, fundi anachukua pinsi, anaiminya mabawa, anairudisha, inaingia kwa nguvu, kila mtu anafurahi. Mimi pia nilifanya hivyo ku pikipiki ya jirani yangu, ilikuwa kose ya regulateri, ikakaa kama wiki mbili, kisha akarudi usiku wa mvua akisukuma pikipiki toka Mugunga, taa zote zimezima, na konekteri, ile nyumba ya plastiki ya kose, imeshikana na kuwa kibonge kimoja cheusi. Ile usiku sikulala vizuri. Chuma chenye kimeshapata joto kinapoteza uresori wake, ukikiminya kinabaki vile umekiweka lakini hakisukumi tena, na mara mingi unakuta kimeshika ku ncha moja tu. Ikilegea, kata, weka mpya, hata kama ni fasi mbaya na mvua inanyesha.

Kuchagua kunaanza na upana wa ulimi. Kubwa yenye iko kila fasi ni milimita 6.3, halafu 4.8, halafu 2.8, na kuko ya 9.5 kwa umeme mkubwa. Chukua kaliberi, kama hauna chukua rula, pima ulimi wa kiume wala siyo kose ya zamani, juu kose ya zamani inaweza kuwa ilishawekwa kwa makosa na mtu mwenye alikutangulia. Lakini upana peke yake haitoshi na hapa njo wengi wanaanguka: unene pia. Ulimi wa 6.3 kwa kawaida uko na unene wa 0.8. Ule wa 4.8 na ule wa 2.8 unaweza kuwa 0.8 ao 0.5, na kose zake zinafanana kabisa kwa macho. Ukiweka kose ya 0.8 ku ulimi wa 0.5 itaingia laini, utasema vizuri, kumbe mabawa hayajainuka hata kidogo, haiko resori tena. Ukifanya kinyume, unayafungua mabawa kwa nguvu na yanabaki wazi. Bateri zile za 12 V 7 Ah zenye tunaweka mu onduleri na mu alarme ziko za aina mbili, zingine ulimi wa 4.8 na zingine wa 6.3, kwa hiyo ukibadilisha bateri angalia kwanza, usisukume tu.

Chuma chake sasa. Nyingi ni letoni, yaani shaba na zinki, juu wamepaka bati. Mimi nikishika kose najiambia shaba iko Katanga, zinki iko Kipushi, bati inachimbwa hapa hapa kwetu upande wa Walikale, na sisi tunanunua kose imeshatengenezwa inatoka mbali. Tuliache. Kuko pia za bronzi, resori yake inakaa muda mrefu kuliko letoni na ukiipata usiiache. Kuko za feri yenye imepakwa nikeli, zile ni za fasi yenye joto kali kama mu foro na mu pasi, juu letoni ya bati ikipita digri 100 na kitu inaanza kuchoka. Shida ni zile za feri ya bei chini zenye zinauzwa kama letoni. Kuzijua ni rahisi sana, tembea na kasumaku kadogo ka spika ya zamani mu mfuko: letoni haishikwi na sumaku, feri inashikwa. Muuzaji akikasirika mwambie pole mkubwa, ni kuangalia tu.

Fili nayo iko na kipimo chake. Zile zenye plastiki ya rangi, nyekundu ni ya fili ya 0.5 mpaka 1.5 mm², bluu ni 1.5 mpaka 2.5, manjano ni 4 mpaka 6. Rangi inaonyesha fili, siyo upana wa ulimi, utapata nyekundu ya 6.3 na nyekundu ya 4.8. Kuweka fili nyembamba mu kose ya manjano na kuikunja mara tatu ili ijae, ile haiko kazi. Ku pikipiki lakini mimi napenda ile isiyo na plastiki, yenye iko na mabawa mawili mara mbili nyuma, kisha inaingia mu konekteri nyeupe, juu unaona kila kitu chenye umefanya.

Kubana. Menya fili na pinsi ya kumenya, siyo na meno na siyo na wembe, juu ukikata nywele tatu za shaba kati ya kumi na sita umeshapunguza fili na fasi ile njo itakatika. Urefu wa kumenya unaupata ukiweka fili pembeni ya kose: mabawa madogo ya mbele yanashika shaba tupu, mabawa makubwa ya nyuma yanashika ngozi ya fili, na kati yao kuko dirisha. Mu dirisha lazima uone vyote viwili, shaba na mwanzo wa ngozi. Mbele shaba ichomoze kidogo tu, kama nusu milimita ao moja, ikipita hapo itaingia fasi ya ulimi na kuusumbua.

Tumia pinsi ya kubania kose, ile yenye ukishaanza kuminya haifunguki mpaka umalize. Ile ya aina hii ya mabawa iko na kinywa chenye ndani kimechongwa kama herufi W, inayakunja mabawa yote mawili yashuke katikati ya nywele za shaba, ukiikata katikati utaona umbo la moyo na shaba imejaa bila nafasi ya hewa. Hewa ikikosa njia, kutu pia inakosa njia. Pinsi ya kawaida inaiponda tu bapa, nywele zinakimbia pembeni. Usiguse upande wa resori wakati wa kubana, angalia sana, ukiuponda kidogo tu kose imekufa kabla haijaanza. Mabawa ya nyuma yashike ngozi bila kuitoboa, yenyewe kazi yake haiko umeme, ni kubeba mtikisiko.

Na kusude? Watu mingi hapa wanapaka suduri, ile bati ya kuyeyusha, ku fili kwanza kisha wanabana, wanasema inashika zaidi. Hapana jamani. Suduri ni chuma laini, ukiibana inaendelea kutiririka polepole miezi na miezi, na kose inalegea yenyewe ndani. Ukisude baada ya kubana, suduri inapanda mu nywele za shaba, fasi ile inakuwa ngumu kama msumari, na mtikisiko wa barabara unaivunja pale pale yenye ugumu unaishia. Bana vizuri, basi.

Kisha vuta. Kwa mkono, kwa nguvu, bila huruma. Mimi ya fili ya 1.5 naifunga ku bidoni ya litri 5 imejaa maji naiacha inaning'inia, ni kama kilo 5, na kubana kwenye kuko sawa hakusogei hata kidogo. Ikitoka, afadhali itoke mezani kuliko usiku ku barabara ya Sake.

Kuingiza mu konekteri: chini ya kose kuko kalimi kadogo kamefunguka kama mwiba wa samaki, kenyewe njo kanaizuia isirudi nyuma. Sukuma mpaka usikie kliki, kisha vuta fili kidogo. Ukitaka kuitoa, ingiza sindano nyembamba upande wa mbele, uminye kale kalimi, uvute nyuma. Kabla ya kuirudisha inua tena kalimi na ncha ya kisu, bila hivyo kose itarudi nyuma siku ya kwanza na utafikiri fili imekatika.

Jambo lingine lenye mafundi vijana hawaambiwi: upande wenye umeme unatoka, yaani ule wa bateri, njo unapewa kose ya kike yenye imefunikwa. Ulimi wa kiume uko uchi, ukitoa konekteri na ulimi ndio uko na umeme wa bateri, ukigusa tu masi, yaani fremu yenye imeungwa ku hasi ya bateri, unaona cheche, fizibo imeenda ao fili imewaka.

Kupima: usipime na kontakti imezimwa, haitakuambia kitu. Washa faru. Balbu ya 35 W ku 12 V inavuta karibu ampere 3. Weka multimetri ku milivolti, ncha moja ku shaba nyuma ya kose ya kike, ncha ingine ku ulimi wa kiume wenyewe. Kose yenye ukinzani wa miliomu 1 itakuonyesha milivolti 3, ile yenye imefika miliomu 20 itaonyesha 60. Mimi ikipita 50 ku faru naitoa bila kufikiri. Unaweza kusema milivolti 60 ni kitu gani, lakini ku regulateri tuseme zinapita ampere 10, miliomu 20 zile zinafanya wati 2 za joto mu kitu chenye hakifiki ukubwa wa ukucha, ndani ya plastiki, karibu na injini. Ile ya miliomu 1 ingefanya wati 0.1 tu.

Hewa yetu nayo haisaidii. Nyiragongo inatoa moshi wa sulfuri, ukichanganyika na unyevu unakula shaba, inakuwa nyeusi kisha kijani, na vumbi la volkano linaingia kila fasi. Na hata bati yenyewe, ulimi ukicheza cheza ndani ya kose kwa mtikisiko, inajikwangua na kutengeneza unga mweusi wenye unazuia umeme. Paka grisi ya kose, ile isiyopitisha umeme, kidogo tu ndani kabla ya kusukuma, mabawa yataisukuma pembeni yenyewe na hewa haitaingia. Kisha funga fili ku fremu na kolare, kale kamkanda ka plastiki ka kufungia, sentimita chache tu kutoka ku konekteri, uiache ilegee kidogo ili kose isivute wala isibebe uzito wa fili yote. Hii ya kolare inachukua dakika moja na ku barabara zetu inaokoa kose kuliko kitu kingine chochote.

Kama umekuta imeshaungua, usibadilishe kose peke yake. Kata fili nyuma mpaka ufike fasi yenye shaba inang'aa, ikiwa nyeusi endelea kukata, hata kama ni sentimita 10, utaunga kipande kingine. Angalia pia ulimi wa kiume: ukiwa umebadilika rangi, bluu ao nyeusi, ao bati imetoka, nao ubadilishe, juu kose mpya ku ulimi wenye umeungua itaungua tena, na motari atarudi kwako akisukuma.