Kununua Datsun 240Z: bei, namba na kutu, hatua kwa hatua

Datsun 240Z ilipoingia sokoni Marekani kama gari la mwaka 1970, bei yake ilikuwa dola 3,526. Afrika Mashariki inalikumbuka gari hili kwa sababu nyingine. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally ya 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena, baada ya kufungana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 1800 SSS. Leo ni mojawapo ya magari ya zamani ya michezo ambayo mtu wa kipato cha kati bado anaweza kulifikiria, ila wanunuzi wengi hulipa vibaya kwa sababu wanasikiliza injini kwanza.

Injini yake, iitwayo L24, ni imara na hufunguliwa na fundi yeyote anayejua kazi. Bodi ni bati jembamba lililotoka kiwandani bila kinga ya maana dhidi ya kutu. Kwa hiyo hela yako inanunua bati. Hatua zote hapa chini zimepangwa kwa kufuata ukweli huo.

Hatua ya 1: Jua ni Z ipi inayouzwa

240Z ni ya 1969 hadi 1973, silinda sita kwa mstari, cc 2,393, kabureta mbili. 260Z ilifuata mwaka 1974, na 280Z ya 1975 hadi 1978 kwa soko la Marekani ina mfumo wa kupuliza mafuta badala ya kabureta. Matangazo huchanganya hizi tatu kila siku, tena mara nyingi kwa makusudi, maana 240Z ndiyo yenye bei.

Ndani ya 240Z yenyewe kuna tofauti. Za mwanzo, hadi mapema 1971, zina matundu mawili ya hewa kwenye mlango wa nyuma, chini ya kioo, na maandishi "240Z" kwenye nguzo za pembeni. Baadaye matundu yalihamia kwenye nguzo, yakafunikwa na nembo ya duara yenye herufi Z. Hizo za mwanzo huuzwa ghali zaidi. Za 1973 za Marekani zilikuja na kabureta zenye vifuniko bapa, zilizosumbua sana injini ikipata moto, na wengi walizibadilisha kwa zile za mviringo za 1970 hadi 1972. Badiliko hilo halipunguzi thamani kwa mtu anayetaka kuendesha gari.

Hatua ya 2: Soma bei kwa hali ya gari, si kwa mwaka

Mwezi Januari 2020, 240Z ya 1971 iliuzwa kwa mnada wa mtandaoni wa Bring a Trailer kwa dola 310,000. Tangu siku hiyo kila mwenye Z iliyolala bandani anaitaja. Gari lile lilikuwa limetembea takribani maili 21,000 tu na lilikuwa halijaguswaguswa. Halihusiani na gari unalokwenda kuangalia.

Kwa miaka ya karibuni, soko la Marekani, ambako magari haya ni mengi kuliko kwingine, linasimama takribani hivi: gari bovu la kufufua, dola 5,000 hadi 15,000, linalotembea na lenye kasoro zinazoonekana, 20,000 hadi 35,000, zuri sana, lililofanyiwa kazi na fundi anayejulikana, 45,000 hadi 70,000. Juu ya hapo ni magari ya maonyesho. Angalia bei za magari *yaliyouzwa*, usihangaike na zinazoombwa. Minada ya mtandaoni huacha kumbukumbu wazi pamoja na picha. Chukua mauzo sita au saba ya mwaka uleule, soma maoni ya waliokagua, kisha ondoa lile la juu kabisa na la chini kabisa.

Hatua ya 3: Linganisha namba kabla hujashika spana

Namba ya chesisi ya gari la usukani wa kushoto huanza na HLS30, ya usukani wa kulia HS30. Fungua boneti uisome ilipogongwa kwenye ukuta kati ya injini na dereva. Kisha tafuta kibati cha utambulisho ndani ya chumba cha injini: kina namba ya chesisi pamoja na namba ya injini iliyofungwa kiwandani. Namba ya injini yenyewe imegongwa kwenye bloku, upande wa kulia, nyuma, karibu na plagi ya sita. Futa grisi kwa brashi na mafuta ya taa uisome vizuri.

Chesisi, kibati na kadi ya gari vikitofautiana, acha gari hilo hapohapo. Injini peke yake ikitofautiana, gari ni halali lakini bei ishuke, kwa sababu mnunuzi wako wa kesho naye atalinganisha. Kibati chenye riveti mpya zinazong'aa juu ya rangi iliyochoka kinataka maelezo.

Ukiambiwa ni Fairlady Z432, toleo adimu la Japani lenye injini ya S20 ya valvu 24, chesisi lazima ianze na PS30. Zilitengenezwa takribani 420 tu. Pua ndefu ya 240ZG, toleo jingine la Japani, nayo hununuliwa kama spea na kufungwa kwenye gari lolote.

Hatua ya 4: Kutu

Hapa tenga saa mbili nzima. Beba tochi, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini, bisibisi butu, kioo cha mkononi, na jeki yenye stendi nne. Muuzaji asiyekubali gari liinuliwe amekwisha kukujibu.

Anza na betri. Itoe, toa na sinia lake, kisha mulika reli ya chesisi inayopita chini yake. Asidi ya miaka hamsini hudondoka hapo, na mara nyingi sinia limebadilishwa likapendeza huku reli iliyo chini imeliwa. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia kwa ukali. Lililooza hutoa sauti nzito, iliyokufa, na wakati mwingine maganda ya rangi huanguka na unga mwekundu nyuma yake. Ukiona hivyo, shika bei ya chini.

Toka hapo uende chini ya kioo cha mbele. Maji ya mvua huingia kwenye grili, hukusanya majani, na njia yake ya kutokea ikiziba hushukia nyuma ya madigadi ya mbele. Ndiyo maana madigadi huoza sehemu ya chini nyuma ya gurudumu, kisha bati la chini ya mlango, kisha sakafu. Ni maji yaleyale. Inua zulia la miguuni pande zote mbili. Kama kuna lami nyeusi mpya juu ya sakafu, mtu ameficha kitu.

Sasa lala chini. Reli mbili zinazopita chini ya sakafu zinapaswa kuwa na umbo safi la pembe. Zikiwa zimebonyea, kuna fundi aliyepiga jeki mahali pasipofaa. Gari hili huinuliwa mbele kwenye daraja la saspensheni na nyuma kwenye difu. Tatizo baya zaidi ni reli juu ya reli: reli mpya nene imechomelewa kufunika ile iliyooza. Kwa macho ya haraka inaonekana imara. Kagua miisho yake kwa kioo. Ukiona tabaka mbili, ndani kuna kutu inayoendelea kula, na kazi nzima itarudiwa.

Pitisha sumaku kwenye kipande kinachounga mlango na tao la gurudumu la nyuma, kwenye matao yenyewe, na ukingo wa chini wa mlango wa nyuma. Isiposhika, hapo ni pati, yaani kijazio cha kusawazishia bati. Kama una kipimo cha unene wa rangi, bati lenye rangi ya kawaida husoma mikroni 80 hadi 150. Lililopakwa mara mbili huweza kufika 300. Ukiona 1,000, unapima pati. Malizia kwenye shimo la tairi la akiba, ambalo hushika maji mpira wa mlango wa nyuma ukichoka.

Tundu dogo kwenye sinia la betri ni kazi ya mchana mmoja. Reli, sakafu na bati za chini ya milango kwa pamoja ni kazi ya wiki kadhaa, na gari lifungiwe kwenye fremu lisipinde wakati wa kuchomelea.

Hatua ya 5: Injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Shika injini kwa mkono uhakikishe ni baridi, kisha washa. Cheni ya taimingi ikigonga mbele kwa sekunde mbili tatu halafu ikanyamaza, mafuta yalikuwa yanapanda. Ikiendelea, cheni au kikaza chake kimechoka. Tikitiki nyepesi ya valvu ni kawaida. Nafasi zake injini ikiwa moto ni milimita 0.25 kwa valvu za kuingiza na 0.30 za kutoa moshi.

Injini ikipata moto, pima mgandamizo: toa plagi zote sita, kanyaga mafuta hadi mwisho, zungusha kwa stata. Injini nzima hutoa takribani psi 160 hadi 185 kwenye usawa wa bahari. Nairobi, karibu mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi na namba zote hushuka, kwa hiyo usiogope 140 ya huko. La muhimu ni silinda zifanane. Tofauti ya zaidi ya asilimia 10 inahitaji kutafutwa. Tia kijiko cha mafuta ya injini kwenye silinda dhaifu upime tena. Ikipanda, pete zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi.

Hatua ya 6: Kabureta

Inua pistoni ya kila kabureta kwa kidole kisha iachie: ishuke bila kukwama na kugonga chini. Ikikwama, ni chafu au imepinda. Kifuniko cha juu kina mafuta mepesi ndani yake. Yakikauka gari hukwama unapokanyaga ghafla, na wauzaji wengi hulilia kabureta nzima wakati kinachotakiwa ni mafuta ya SAE 20, kiasi kidogo tu. Puliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye viungo vya manifoldi. Mzunguko ukibadilika, hewa inaingia, na hiyo ndiyo sababu ya injini kumisi.

Hatua ya 7: Endesha

Gia ya pili ikikwaruza hata gia boksi ikiwa imepata moto, sinkro imeisha. Ukiachia klachi ukasikia "tokk" nyuma, shuku bushi za difu, mkanda wake wa mpira, na kros za shafti za magurudumu. Hizi ni spea rahisi. Pini ndefu za mikono ya chini ya nyuma ni habari nyingine. Hugandamana na kutu, na kuzitoa kunaweza kumaliza siku mbili na mtungi wa gesi. Uliza kama zilishawahi kutolewa.

Harufu ya moshi ndani, madirisha yakiwa wazi, hutokana na mpira wa mlango wa nyuma. Harufu ya petroli hutoka kwenye mipira ya mvuke iliyofichwa nyuma ya paneli za ndani, nayo hupasuka kwa uzee. Usiidharau.

Washa taa kubwa kwa dakika kumi, kisha gusa boksi la fyuzi. Umeme wote wa taa hupita kwenye swichi na boksi hilo, na plastiki yake huyeyuka. Gari lililofungwa relei za taa, yaani swichi za pembeni zinazobeba umeme huo, lilikuwa na mwenye kujali.

Soma tarehe ya matairi: 2314 ni wiki ya 23 ya 2014, maana yake yanunuliwe mapya hata kama kashata ni nzima.

Hatua ya 8: Piga hesabu ukiwa palepale

Tuseme 240Z ya 1972 inaombwa dola 28,000, na magari mazuri yanayofanana nayo huuzwa 30,000. Umekuta sakafu na reli za kubadilishwa. Saa 50 za uchomeleaji kwa dola 100 kila saa ni 5,000, bati, 900, rangi, 4,500, kabureta, 900, matairi, 600, tanki na mipira ya petroli, 600. Jumla ni 12,500. Ongeza asilimia 20 ya yale yatakayoonekana bati likifunguliwa: 15,000. Toa hizo kwenye 30,000: bei yako ni dola 15,000. Muonyeshe muuzaji karatasi hiyo, mstari kwa mstari, kwa heshima. Akikataa, ondoka, gari la dola 30,000 lililo tayari ni rahisi kuliko hili.

Hatua ya 9: Litakaa wapi?

Kenya hairuhusu kwa utaratibu wa kawaida kuingiza gari lililozidi miaka minane, wala la usukani wa kushoto, kwa hiyo HLS30 ya California haipiti njia hiyo. Mnunuzi wa Kenya atafute zilizokwisha kusajiliwa nchini, na maonyesho ya Concours d'Elegance ya Nairobi ni mahali pazuri pa kukutana na wenye nazo. Uganda huzuia yaliyozidi miaka 15. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa uchakavu, hivyo pata hesabu ya Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa maandishi kabla ya kutuma hata senti. Aliyeko Uingereza ana nafuu: gari lililozidi miaka 40 linaweza kusamehewa kodi ya barabara na ukaguzi wa kila mwaka. Ukilisafirisha kwa meli, chagua kontena, kata bima ya baharini kwa bei uliyonunulia, piga picha kila upande siku ya kupakia, na spea zozote zilizolegea ziorodheshwe kwenye hati ya shehena.